Ukurasa wa Tatu Haukufika

Jumatatu, 2 Juni

Shangazi yangu,

Na yale mapazia, nilisahau kukumalizia, aliyeyachagua ni yeye, si mimi. Mimi nilikuwa nimeshika ya maua makubwa mekundu. Akayatazama kama anavyotazama jalada lisilo na muhuri, kisha akasema taratibu kwamba hayo yataongea kuliko wageni. Nikacheka mpaka mwenye duka naye akacheka. Tukachukua ya kijani. Sasa jua likichomoza chumba kizima kinakuwa kama ndani ya jani, nami najilaza nikimtazama anavyofunga vifungo vya shati kuanzia cha chini kwenda juu. Umewahi kuona mtu anafunga shati kuanzia chini? Wiki ya tano hii nimeolewa na bado nashangaa.

Shikamoo. Ningeanza na salamu, lakini mapazia yalikuwa mdomoni.

Najua utasema nimeanza tena. Lakini zawadi yako ya harusi ilikuwa karatasi mia mbili, bahasha na stempu, ukaniambia nisikupigie simu kwa kuwa simu haina ushahidi. Aliyelea chiriku asilalamikie kelele.

Majirani wananiuliza mume wangu ni nani pale mahakamani. Nawaambia ni mchapaji. Wengine wanakunja midomo, walitaka niseme hakimu. Hawajui kwamba jaji wa hapa anaandika kwa mkono, na mwandiko wake unasomwa na watu wawili tu duniani, yeye na mume wangu, na siku nyingine yeye mwenyewe hushindwa, humwita mume wangu amsomee alichoandika. Unaona niliyempata? Hata barua ya kuniposa aliichapa. Nakala tatu. Moja kwangu, moja kwa baba, moja akaiweka kwenye jalada.

Huu sasa ni ukurasa wa tatu na mkono unauma, lakini hili lazima nikuambie. Ijumaa alirudi vidole vimemvimba. Alikuwa amechapa ile kesi yako unayoiandikia gazetini, ya zile mahakama ndogo kumi na saba ambazo serikali inataka kuzifunga ili watu wawe wanasikilizwa kwenye skrini. Jaji anayeongoza jopo la majaji watatu si ndiye huyu wetu, anaandikia huku kwenye utulivu halafu tarehe 20 anakuja kuisoma huko kwenu mjini. Nikamloweka vidole kwenye maji ya chumvi. Shangazi, yule mtu hasemi habari za kazi hata umkate kidole, lakini siku hiyo alifumba macho akasema, "Milango haifungwi. Yote kumi na saba." Kisha akanishika mkono na maji yakidondoka tukacheza kati ya kitanda na kabati, bila muziki. Mama yake alirudishiwa nyumba na hakimu wa mahakama ndogo, ndiyo maana. Sijawahi kumwona hivyo. Nilimpenda upya, kama vile ndiyo kwanza naletewa ile barua yake.

Basi naishia hapa kabla hajarudi, maana akikuta bado naandika atasema nimeandika kuliko jopo zima.

Chiriku wako

*

Alhamisi, 5 Juni

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilifika jana mchana. Bahasha ilikuwa imefunguka pembeni, na ndani nimekuta ukurasa wa kwanza, wa pili na wa nne. Wa tatu haukufika. Usihangaike. Mwisho wa ukurasa wa pili unamsifu mumeo na mwanzo wa ukurasa wa nne bado unamsifu, kwa hiyo sidhani kama nimekosa jambo.

Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini yameanza kulalamika tangu enzi za majaji wanaovaa manywele ya bandia, nami nimeyazoea. Wiki hii wameleta vinasa sauti vipya ukumbi namba mbili. Umri wako mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi lilelile nikisikia shahidi akiambiwa, "Tazama kalamu ya jaji." Kalamu ikisimama, nawe unasema. Ikikimbia, nawe unanyamaza. Shahidi mmoja aliitazama kalamu kwa makini mpaka akasahau kesi inamhusu nani. Sasa mashine inanasa kila kitu, hata kikohozi cha wakili, na bado waandishi wenzangu wanakosea, kwa sababu mashine haimfundishi mtu kukaa.

Kuna jambo moja nililofundishwa siku ya kwanza, na nimelishika kwa miaka thelathini na mmoja. Nina madaftari mawili. Moja la yaliyosemwa, jingine la ninayoyadhani. Linalokwenda gazetini ni la kwanza tu.

Mhariri wangu ananijia kila asubuhi na kikombe chake kuuliza kama nimenusa chochote kuhusu kesi ya mahakama ndogo. Miaka mitatu nimeifuata hiyo kesi, tangu ilipofunguliwa na wajane wanne waliofika na kiti kimoja cha kukunja wakikalia kwa zamu. Anajua nastaafu mwakani na kwamba hii ndiyo kubwa yangu ya mwisho. Namwambia nitasikia tarehe 20 pamoja na watu wengine wote.

Wewe niandikie habari za mapazia. Na za jikoni. Hizo zinanitosha kabisa.

Shangazi yako

*

Jumapili, 8 Juni

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Roho imeniuma sana. Posta wamekula ukurasa wa tatu, na ndio uliokuwa mtamu kuliko zote. Unasema nikuandikie mapazia. Mapazia yako palepale, yananing'inia. Nimekaa mezani mume wangu akiwa amekwenda kunyoa, nami nakuandikia upya, tena safari hii vizuri zaidi, maana ile ya kwanza niliandika kwa haraka.

Ilikuwa Ijumaa. Nilimsikia kutoka ngazini, anapanda kwa kupumzika kila ngazi ya tatu, nikajua amechoka. Vidole vimevimba kama vidole vya mtoto mchanga. Kurasa hamsini na mbili, shangazi. Nikamwekea beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, nikamvua saa. Akatumbukiza mikono miwili, akasema kwamba milango yote kumi na saba inabaki wazi. Nikamuuliza milango gani, mimi nikadhani ya ofisini kwao. Ndipo akaniambia ni ile kesi yako. Majaji wawili wamekubaliana, mmoja amekataa, huyo aliyekataa kurasa zake ni tisa tu na ana mwandiko mzuri, mume wangu alisema kumchapa huyo ni kama kupumzika. Halafu akaniambia habari za mama yake, alivyokwenda kwa miguu siku mbili, na hakimu mmoja kijana kwenye chumba chenye dirisha moja akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamrudishia nyumba. Ana chozi hivi, lakini halikudondoka. Ndipo tukacheza. Beseni tulilipiga teke, maji yakaenda mpaka chini ya kitanda, na hatukusimama.

Umeona sasa ulichokosa? Ningekuwa na aibu ningeishia hapo, lakini nitakwambia na hili: tulipomaliza kucheza alichukua kitambaa, akapiga magoti, akakausha sakafu yote mwenyewe, akisema mke wangu asije akateleza. Mwanamume gani huyo.

Safari hii bahasha nimeibandika na gundi pande zote. Posta watajua.

Chiriku wako

*

Jumanne, 10 Juni

Kwa Shangazi mheshimiwa,

YAH: UKURASA WA TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamoo.

Leo asubuhi tukinywa chai, mke wangu amenieleza kwa furaha kwamba ukurasa mmoja wa barua yake ulipotea posta, na kwamba ameuandika upya na kuutuma jana. Nimemuuliza ukurasa huo ulikuwa na nini. Amenieleza. Nimeshindwa kumaliza chai.

Mimi nilikula kiapo cha kutunza siri za mahakama, na nakala ya kiapo hicho imo kwenye jalada langu. Hukumu ambayo haijasomwa si yangu, si ya mke wangu, na hata jaji akiiandika bado si yake mpaka aisome. Nilitamka maneno machache kwa furaha, nikiwa nimeloweka vidole. Mke wangu hakusaini kiapo chochote. Hana kosa na simlaumu.

Kwa kuwa ukurasa ule uliopotea uko mikononi mwa mtu nisiyemjua, na huenda sasa anausoma, kesho saa mbili asubuhi nitakwenda kwa Msajili wa kituo chetu kumweleza. Sijui watanifanya nini. Kazi hii nimeifanya miaka tisa.

Nakuomba jambo moja. Ukurasa ulioandikwa upya ukikufikia, tafadhali usiusome.

Wako mtiifu,
Mume wa Chiriku

Nakala: Jalada

*

Alhamisi, 12 Juni

Wanangu wawili,

Hii someni pamoja, kwa sauti, mmoja asimfiche mwenzake mstari.

Ukurasa wa tatu ulifika. Ulifika pamoja na nyingine, na bahasha haikuwa imefunguka popote. Niliusoma tarehe 4 nikiwa nimesimama getini na kapu mkononi. Hakuna mtu wa posta aliyeuona. Nilidanganya.

Chiriku, nilijiambia nakulinda. Nilisema nikimwambia mtoto huyu kwamba ameniandikia hukumu ambayo haijasomwa, atatetemeka, atamficha mumewe, na ndoa ya wiki tano itaanza kwa kufichana. Afadhali ukurasa upotee, nilisema, jambo life hapohapo. Sikuwaza kwamba ungeuandika upya. Miaka yote niliyokulea, ningepaswa kuwaza.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na nzuri. Ya pili si nzuri. Mwandishi aliyeiona hukumu kabla ya kusomwa hatakiwi kuiandikia tena. Anatakiwa kusema na kukaa pembeni. Nilijua hilo nikiwa bado getini. Lakini niliitaka kesi yangu. Niliwaza kwamba ukurasa usipofika, basi sikusoma kitu, na tarehe 20 nitakaa kwenye benchi langu kama kawaida. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote, maana iliishia kwenye shingo ya mchapaji asiye na hatia.

Barua ya mume wako imefika leo saa tano. Saa sita nilikuwa kwa Msajili Mkuu na kurasa zote mbili, ule wa tatu na ule ulioandikwa upya, ndani ya bahasha iliyofungwa. Nimemwambia nakala ziko mbili, hakuna ya tatu, aliyesoma ni mimi peke yangu, na sikuandika wala kunong'ona neno. Ameniuliza kwa nini gazeti langu halikuchapisha, nikiwa nayo siku nane. Nimemwambia kwa sababu haikuwa imesomwa. Ameandika kila nilichosema, tena kwa mkono, na bila kufikiri nikajikuta naitazama kalamu yake na kusubiri. Amesema atapiga simu kwa Msajili wenu leo hii.

Kutoka hapo nimekwenda kwa mhariri. Amefoka mpaka mama wa chai akafungua mlango kuona kama kuna aliyeanguka. Kwanza alifoka kwa nini nilikaa na habari siku nane. Alipotulia akafoka kwa nini nilikwenda kuikiri. Mwisho akasema kesi nimenyang'anywa. Waandishi wengine wote wako bungeni kwenye bajeti, kwa hiyo ameipa kwa mwandishi wa michezo.

Sina cha kuwaomba. Nimewaambia mambo kama yalivyo.

Shangazi

*

Jumapili, 15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijui niandike vipi, maana sijawahi kukukasirikia. Nimejaribu tangu jana na naona sina mazoezi.

Barua yako tuliisoma kama ulivyosema, kwa sauti. Nilisoma mimi. Nilipofika "nilidanganya" nikamsukumia karatasi, akaipokea yeye akamalizia. Kisha akakunja karatasi, akaenda dirishani, akasimama. Niliogopa kuliko siku zote. Ningependa angefoka, kama mhariri wako. Mtu anayefoka unajua umesimama wapi.

Mimi ndiye nilimwaga siri, najua. Siku tatu nimelala nikijisema. Lakini wewe ulijua, shangazi. Mimi sikujua kama nimefanya kosa, ndiyo maana nilirudia kosa lilelile kwa mwandiko mzuri na gundi pande zote. Ungeniambia ukweli tarehe 5, ningemwambia jioni ileile, angekwenda kwa Msajili akijua ukurasa uko wapi. Badala yake alikwenda kusema umepotea, na Msajili akamwuliza, "Umepotea kwa nani?" Alisimama pale, mtu ambaye maisha yake yote anajua kila karatasi iko wapi, akasema, "Sijui, mheshimiwa." Hilo ndilo linaloniuma.

Wamemsimamisha. Kamati itakaa tarehe 23. Simu ya Msajili Mkuu ilisaidia, wamesema hilo, maana walishaanza kufikiri hukumu iahirishwe na iandikwe upya. Haitaahirishwa. Lakini kuhusu kazi yake hawajasema neno.

Basi yuko nyumbani. Amepanga viungo vya jikoni kwa herufi. Amebandika karatasi ndani ya kabati yenye orodha ya vyombo, na mimi nikitoa sahani natakiwa nitie sahihi, anatania, lakini kalamu ameifunga kwa uzi kabisa. Jana nilitia sahihi ya kijiko. Akanitazama, nikamtazama, tukacheka mpaka tukakaa chini. Nikamwambia wakimfukuza nitauza maandazi na yeye ataweka kumbukumbu. Akasema maandazi yangu hayawezi kumbukumbu, yanahitaji utetezi. Huyo ndiye mwanamume anayesubiri kufukuzwa kazi. Kila nikimtazama nampenda, na kila nikimpenda nakukasirikia upya, kisha nakumbuka ulivyosimama kwa Msajili Mkuu peke yako na magoti yako, nashindwa.

Hajasema kama amekusamehe. Sijamwuliza. Naogopa jibu.

Chiriku

*

Jumamosi, 21 Juni

Chiriku wangu,

Hasira yako imefika salama, na niliistahili. Tena umeiandika vizuri. Sentensi ya "Sijui, mheshimiwa" nimeisoma mara nne. Sina utetezi.

Nakwambia ya jana, maana utayasoma magazetini vipandevipande. Nilikwenda. Hakuna sheria inayonizuia kuingia kama raia. Sikukaa benchi la waandishi, nilikaa nyuma kabisa, jirani na bibi mmoja kati ya wale wajane wanne, yule mwenye kiti cha kukunja. Sikuwa na daftari. Mikono yangu sikujua niiweke wapi, nikawa naikalia.

Mwandishi wa michezo alikuwa mbele, pande la mtu, jasho linamtoka. Jaji akaanza kusoma. Sasa wewe hujui jaji anavyosoma. Anaanza na hoja za anayeshindwa. Anazisoma kwa heshima, kwa kirefu, moja baada ya nyingine, kana kwamba anazikubali, ili asiseme mtu kwamba hakusikilizwa. Saa nzima alisema faida za skrini, gharama za majengo, upungufu wa mahakimu. Bibi jirani yangu akaanza kulia kimyakimya. Chiriku, nilikuwa na dawa ya machozi yale mdomoni na sikuruhusiwa kuitoa. Nilimshika mkono tu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kupata taabu kama ile.

Waandishi wakaanza kutoka mbio, mmoja, wawili, watano, simu zimewashwa. Mwandishi wa michezo naye akainuka. Alipopita kwangu nilimshika shati. Nilijipima kwanza, nisije nikamwambia kwa sababu ya ukurasa wako. Nikaona hapana, hili ningemwambia yeyote, kesi yoyote. Nikasema, "Kaa. Mpira haujaisha." Hilo alilielewa. Akarudi akakaa.

Dakika ishirini baadaye jaji akafungua karatasi ya mwisho akasema, "Kwa hiyo, tunaamuru." Unajua kilichofuata. Yule bibi alipiga kigelegele, na jaji hakumkanya.

Leo magazeti matatu yanaomba radhi kwa kutangaza jana kwamba mahakama ndogo zimefungwa. Letu haliombi radhi kwa mtu. Limeandika kwamba wajane wamefunga bao dakika za majeruhi ugenini, jambo ambalo limenitia kichefuchefu, lakini kila neno la amri liko sahihi. Nimelikata na kulihifadhi. Jina lililo juu si langu. Nilidhani litanichoma zaidi ya hivi.

Mhariri amenipa likizo ya mwezi mzima, ya adhabu. Sijawahi kuchukua likizo, sijui watu hufanya nini. Leo asubuhi nimefua mapazia yote ya nyumba.

Nataka kumwomba mume wako radhi nikimtazama. Karatasi haitoshi, maana mimi kwenye karatasi ni hodari mno, naweza kuomba radhi vizuri kuliko ninavyojuta. Lakini sitakuja nisikotakiwa. Kama hataki kuniona, mwambie nimeelewa, na usimbembeleze.

Shangazi yako

*

Jumatano, 25 Juni

Shangazi yangu, shangazi yangu, shangazi yangu,

Shikamoo mara tatu, moja ya jalada.

Hajafukuzwa. Kamati ilikaa juzi, walimhoji saa mbili, mimi nikiwa nje kwenye benchi nimeshika kikapu cha chakula ambacho hakuna aliyekila. Alipotoka sura ilikuwa ileile ya kila siku, sikuweza kusoma kitu, nikamwambia sema basi kabla sijafa. Akanipa karatasi. Onyo la maandishi, na anatolewa chumba cha kuchapa mwaka mzima, anakwenda masjala kupokea majalada. Msajili alimwambia kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuletewa kosa na mkosaji mwenyewe, tena likiwa limechapwa, na hakujua alitie muhuri gani.

Ngoja nikuchekeshe. Jana ilikuwa siku yake ya kwanza masjala. Saa nne jaji mwenyewe akashuka ngazi, kashika karatasi, akamwomba amsomee mstari mmoja alioandika wiki iliyopita. Mume wangu akasimama, akamwambia kwa heshima zote, "Mheshimiwa, mimi sipo tena huko." Jaji akarudi juu. Wanasema sasa anaandika polepole, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mchapaji mpya anamsoma bila shida.

Sasa lako. Barua yako ilifika jana. Nilimpa aisome peke yake, sikuthubutu kukaa chumbani, nikaenda kuosha vyombo vilivyo safi. Alisoma, akaja jikoni, akachukua kitambaa akaanza kuvipangusa. Sahani ya tatu ndipo akasema. Nayaandika alivyoyasema, daftari la kwanza, sijaongeza langu:

"Mimi nilitoa siri kwa furaha. Yeye akaificha kwa hofu. Lakini hakuna aliyetukamata, tulikwenda wenyewe, kila mtu kwa Msajili wake. Nitamkasirikia vipi mtu aliyefanya nilichofanya?"

Nikamwambia basi nimwandikie aje. Akasema hapana. Moyo ukanidondoka kwenye beseni. Kumbe alikuwa hajamaliza, na mimi nimeshaanza kutoka mbio kama waandishi wako. Akasema usije wewe, tutakuja sisi, mkosaji mdogo ndiye humfuata mkubwa. Halafu akasema jambo ambalo sikulijua, na mimi nilidhani namjua kabisa. Miaka tisa amechapa hukumu mia nne na kitu, na hajawahi kusikia hata moja ikisomwa. Wachapaji hawaitwi ukumbini. Anachapa "tunaamuru", anafunga jalada, basi. Hajui watu hufanya sura gani.

Kwa hiyo ameomba ruhusa ya siku moja, wamempa. Tunafika kwako Jumamosi hii tarehe 28, na Jumatatu tarehe 30, kabla mwezi haujaisha, utatupeleka mahakamani asubuhi, kesi yoyote, hata ya mbuzi. Utukalishe nyuma, mimi katikati, na ole wako umruhusu mmoja wetu atoke kabla ya karatasi ya mwisho.

Chiriku wako,
na mume wake, ambaye ameisoma yote kabla sijaibandika